John Clare

John Clare (Helpston, 13 Julai 1793 – Northampton, 20 Mei 1864) alikuwa mshairi wa Uingereza, mtoto wa kibarua wa mashambani. Anajulikana kwa mashairi yake kuhusu ndege, mimea, wanyama na kazi za kijijini, na zaidi kwa yale yanayolalamikia kuzungushiwa ua kwa ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wanakijiji wote. Alipata umaarufu mkubwa mwaka 1820, akasahaulika baada ya miaka michache, na tangu mwaka 1837 hadi kifo chake aliishi karibu muda wote katika hospitali za wagonjwa wa akili. Leo anahesabiwa kati ya washairi wakubwa wa Uingereza wa karne ya 19.

Washairi kadhaa wa zama zake waliandika kwamba maisha mapya yanamtenga binadamu na maumbile. William Wordsworth, kwa mfano, alichapisha mwaka 1807 soneti mashuhuri inayosikitika kwamba watu wameshughulika mno na mali hata uzuri wa bahari hauwagusi tena. Lakini Wordsworth alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Cambridge, tena aliweza kuchagua mahali pa kuishi. Clare hakuwa na nafasi hiyo. Kwake utengano huo ulikuwa na mwaka wake, sheria yake na ramani yake, na ulimkuta akiwa bado kijana anayefanya kazi ya mikono katika ardhi ileile iliyokuwa ikifungwa.

Utoto

Clare alizaliwa katika nyumba ndogo ya kupanga huko Helpston, kijiji kilichopo kati ya miji ya Peterborough na Stamford. Wakati huo kijiji kilihesabiwa kuwa sehemu ya Northamptonshire. Siku hizi kiko Cambridgeshire. Upande mmoja wa kijiji kuna ardhi ya mawe ya chokaa yenye misitu na vichaka, na upande wa pili zinaanza nyanda tambarare zilizokuwa na majimaji mengi. Mpaka huo ulikuwa na mimea na ndege wa aina nyingi, jambo linaloonekana wazi katika mashairi yake.

Alizaliwa pacha, lakini dada yake alikufa baada ya wiki chache. Baba yake, Parker Clare, alikuwa kibarua wa kupura ngano, mpiganaji mieleka na mwimbaji wa nyimbo za kienyeji ambazo alizijua kwa wingi. Mama yake, Ann Stimson, hakujua kusoma. Hata hivyo wazazi hao walijinyima ili mtoto wao asome. Alisoma kwa miezi michache tu kila mwaka, kwanza kijijini kwake, halafu katika shule iliyoendeshwa ndani ya kanisa la Glinton, kijiji cha jirani. Miezi mingine alikuwa shambani: alifukuza ndege, alichunga mifugo, na baba yake alimtengenezea fimbo nyepesi ya kupuria ili amsaidie ghalani.

Huko Glinton alimfahamu Mary Joyce, binti wa mkulima mwenye uwezo. Walipendana wakiwa vijana wadogo, kisha wakaachana, labda kwa sababu ya tofauti ya hali zao. Mary hatatoweka katika maisha ya Clare.

Kisa kimoja alichosimulia mwenyewe kinaonyesha ulimwengu wake ulivyokuwa. Siku moja akiwa mtoto aliondoka nyumbani kuvuka uwanda wa vichaka uitwao Emmonsales Heath, akiamini kwamba akitembea kutwa atafika pale mbingu inapokutana na ardhi na ataweza kuchungulia ukingoni. Alitembea hadi akafika mahali ambapo hakuyajua maua wala ndege, na jua likaonekana kama limehamia upande mwingine wa anga. Aliporudi jioni alikuta watu wanamtafuta. Kwa mtoto huyo, kujua mahali kulimaanisha kujua mimea yake, na nje ya mahali hapo maarifa yake yalikwisha.

Ardhi kabla ya ua

Ili kuelewa mashairi ya Clare ni lazima kujua ardhi ya Helpston ilikuwaje alipokuwa mtoto. Mashamba ya kijiji yalikuwa makubwa matatu, bila ua ndani yake. Kila shamba liligawanywa katika vipande vyembamba vilivyolimwa na watu mbalimbali, na shamba moja kwa zamu liliachwa lipumzike. Baada ya mavuno mifugo iliingia kula mabua. Nje ya mashamba kulikuwa na malisho ya pamoja, vichaka na ardhi ya majimaji. Watu wenye haki ya malisho walipeleka ng'ombe au kondoo wao huko, na hata maskini wasio na haki iliyoandikwa popote waliweza kuokota kuni, kuchuma matunda ya porini na kupita wanakotaka. Njia zilipinda kufuata miguu ya watu na wanyama.

Wajipsi (Waroma) walipiga kambi katika maeneo hayo. Clare aliwatembelea mara nyingi, akajifunza kwao kupiga fidla na kukusanya muziki wa kuchezea dansi. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, na kati yao walikuwemo makabaila wakubwa. Lakini umiliki haukumzuia mtoto wa kibarua kutembea.

Sheria ya mwaka 1809

Mwaka 1809 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzungushia ua ardhi ya Helpston na vijiji vya jirani. Haikuwa sheria ya pekee: kati ya miaka 1760 na 1870 Bunge lilipitisha sheria za namna hiyo zipatazo 4,000, zilizohusu ekari milioni 7 hivi. Utaratibu wake ulifanana kila mahali. Makamishna waliteuliwa, wapimaji wakachora ramani mpya, vipande vilivyotawanyika vikaunganishwa, malisho ya pamoja yakagawanywa, na kila mwenye haki inayotambuliwa na sheria akapewa eneo lake alizungushie ua. Asiye na haki iliyoandikwa hakupewa kitu. Huko Helpston kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na hati ya mwisho ya ugawaji ilitolewa mwaka 1820.

Wenye ardhi walikuwa na sababu zao. Mashamba yaliyounganishwa yalikuwa rahisi kulima kwa mbinu mpya, kodi za ardhi zilipanda, na Uingereza ilihitaji nafaka wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Wanahistoria bado wanabishana ni kwa kiasi gani maskini wa vijijini waliumizwa. Wengine wanaonyesha kwamba uzungushaji wa ua ulileta ajira ya miaka kadhaa, na Helpston yenyewe haikupoteza watu wake. Hoja hizo zina uzito, lakini hazijibu malalamiko ya Clare, kwa sababu yeye hakulalamikia ujira peke yake. Alichokiona ni mito iliyonyooshwa, vichaka vilivyolimwa, miti mikongwe iliyokatwa, na barabara mpya zilizopigwa mstari. Vibao vilisimamishwa kukataza watu kupita pale walipokuwa wamepita maisha yao yote.

Jambo chungu zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alishiriki. Kibarua hachagui kazi. Katika miaka hiyo Clare aliajiriwa katika makundi ya kujenga ua na kupanda miti ya miiba iliyokuja kufunga mashamba ya utoto wake. Msomaji anayeona hasira katika mashairi yake akumbuke kwamba mshairi aliijua kazi hiyo kwa mikono yake.

Kibarua anayeandika

Clare alifanya kazi nyingi: mtumishi katika baa ya Blue Bell iliyokuwa jirani na nyumba yao, msaidizi wa bustani katika jumba la Burghley, askari wa akiba, kisha mchoma chokaa. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi aliona kitabu cha James Thomson, The Seasons, yaani mashairi ya majira ya mwaka. Akapata pesa, akaenda Stamford kukinunua, na njiani kurudi akaruka ukuta wa bustani ya Burghley ili akisome bila kuonekana. Siku za kazi kibarua aliyeonekana akisoma aliitwa mvivu.

Tangu hapo alianza kutunga. Aliandika kwenye vipande vya karatasi akitumia kofia yake kama meza, na nyumbani alivificha katika tundu la ukuta. Mama yake, asiyejua ni nini, alivitumia kuwashia moto. Alipotaka kujua kama mashairi yake yanafaa aliwasomea wazazi wake akijidai kwamba yametoka katika kitabu. Walipocheka mahali pasipochekesha aliyasahihisha au kuyatupa. Si njia mbaya ya kujifunza uhariri.

Umaarufu wa mwaka 1820

Mwishoni mwa miaka ya 1810 mashairi yake yalifika mikononi mwa Edward Drury, muuza vitabu wa Stamford, naye akayapeleka kwa John Taylor wa London, aliyekuwa mchapishaji wa John Keats. Januari 1820 kilitoka kitabu cha kwanza, Poems Descriptive of Rural Life and Scenery. Jina hilo linamaanisha mashairi ya kueleza maisha na mandhari ya shamba, na chini ya jina la mwandishi iliongezwa kwamba ni mkulima maskini wa Northamptonshire. Nakala 1,000 za kwanza ziliuzwa kwa muda wa miezi miwili hivi, na kitabu kikarudiwa kuchapishwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Keats, ambaye mashairi yake yalitoka mwaka huohuo kwa mchapishaji yuleyule, hakupata mauzo ya namna hiyo.

Mwezi Machi 1820 Clare alimwoa Martha Turner, aliyeitwa Patty. Walilea watoto saba. Wafadhili walimchangia fedha zilizompatia kama pauni 45 kwa mwaka, pesa nyingi kwa kibarua lakini chache kwa mtu mwenye wazazi wazee na watoto wengi. Alikaribishwa London mara nne, katika miaka 1820, 1822, 1824 na 1828, akakutana na waandishi kama Charles Lamb. Mwaka 1824 alisimama barabarani akaona msafara wa mazishi ya Lord Byron, jambo lililomkaa moyoni maisha yake yote.

Ufadhili ulikuwa na masharti. Lord Radstock, mmoja wa waliomsaidia, alichukizwa na mistari iliyowashutumu matajiri kwa kuharibu Helpston, akadai iondolewe. Katika matoleo yaliyofuata mistari hiyo haipo. Jamii ya watu wenye fedha ilipenda mkulima anayesifu maua. Haikupenda mkulima anayetaja nani aliyeyang'oa.

Huko kijijini mambo nayo yalibadilika. Wageni walikuja na magari ya farasi kumtazama, mara nyingine wakamwita kutoka shambani na kumpotezea ujira wa siku. Majirani wakaanza kumwogopa, wakidhani atawaandika. Clare akawa mtu asiye wa kundi lolote: kwa wasomi alikuwa mkulima, kwa wakulima alikuwa msomi.

Mashairi ya ardhi iliyofungwa

Mashairi yake makali zaidi kuhusu ua hayakuchapishwa alipokuwa hai, au yalichapishwa yakiwa yamepunguzwa. Yaliandikwa hasa katika miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830.

Katika The Mores, yaani malisho ya majimaji, anaeleza kwanza uwanda usio na mwisho ambao macho yaliweza kuuzunguka bila kuzuiwa na kitu isipokuwa upeo wa anga, halafu anaonyesha jinsi ulivyokatwa katika vipande vidogo vya watu wadogo wa moyo. Kinachosumbua zaidi katika shairi hilo ni kile kibao. Hata ndege, mshairi anaona, wangekuwa na shida kama wangejua kusoma.

Katika Remembrances, yaani kumbukumbu, anataja mahali pa utotoni pamoja kwa pamoja, kwa majina ambayo watu wa Helpston pekee waliyajua, kisha anasema kila mmoja umepatwa na nini. Kuna picha ya fuko walionaswa na kutundikwa mtini kama wahaini, kwa kuwa katika mashamba mapya mnyama anayechimba udongo ni adui. Napoleon naye anatajwa. Kwa Clare, ua umepita kijijini kama jeshi la mvamizi.

Lakini shairi la ajabu kuliko yote ni The Lament of Swordy Well. Swordy Well lilikuwa machimbo ya mawe ya zamani yaliyoota nyasi, mahali pa okidi na vipepeo, ambapo Clare alichunga mifugo utotoni. Ugawaji ulipofanyika, mahali hapo palikabidhiwa parokia ili pachimbwe mawe na mchanga wa kutengeneza barabara. Katika shairi anayezungumza si mshairi bali ardhi yenyewe. Inalalamika kama maskini aliyeangukia misaada ya parokia: imevuliwa nguo, imefanyishwa kazi, haina wa kuitetea, na nyuki wakija hawakuti ua la kutua. Sheria za maskini za Uingereza wakati huo ziliwatendea watu hivyohivyo. Kwa kuipa ardhi sauti ya kibarua Clare alisema jambo ambalo wenzake wa mijini hawakulisema: kwamba anayenyonya ardhi na anayenyonya mtu ni mmoja, na hufanya hivyo kwa hati ileile. Wasomi wa siku hizi wanaochunguza uhusiano wa fasihi na mazingira hulirudia shairi hili mara kwa mara, na wana haki.

Aliandika pia maombolezo ya vitu kimojakimoja. Langley Bush ulikuwa mti mzee wa miiba ambapo Wajipsi walikutana; uliharibiwa mwaka 1823. The Fallen Elm linahusu mti uliofunika nyumba yao. Hapo anamshutumu mtu anayehubiri uhuru huku akimaanisha uhuru wake mwenyewe wa kukata. Tarehe 4 Juni 1825 aliandika katika shajara yake kwamba amekutana na watu watatu kando ya msitu wa Royce wakipima njia ya reli ya chuma, na akahofia kuharibika kwa sehemu ya majimaji iliyojulikana kwa okidi zake.

Kutazama kabla ya kusifu

Ingekuwa makosa kumfanya Clare mshairi wa malalamiko tu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni mashairi mafupi yanayoangalia kiumbe kimoja kwa makini: kiota, panya aliyebeba watoto wake, mnyama wa ukoo wa nyegere anayewindwa na watu na mbwa hadi kufa. Shairi lake The Nightingale's Nest, yaani kiota cha yule ndege mdogo maarufu kwa kuimba usiku, linamchukua msomaji kwa miguu hadi kichakani, linamwambia anyamaze, linahesabu mayai na kutaja rangi yake, kisha linarudi nyuma ili ndege asiogope. Hakuna mahali ambapo ndege anageuzwa kuwa mfano wa huzuni ya mshairi.

Hapo ndipo alipotofautiana na Keats. Wawili hao hawakuwahi kukutana, ila Taylor aliwapasha habari. Keats aliona kwamba katika mashairi ya Clare maelezo yanaizidi hisia. Clare naye aliona kwamba Keats, kama watu wa mjini kwa kawaida, anaeleza maumbile anavyoyawaza badala ya anavyoyaona. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Clare alianza pia kuandika barua kuhusu viumbe wa eneo lake kwa ajili ya kitabu ambacho hakikumalizika. Katika barua mojawapo anasimulia kwamba alipokuwa akitembea pembezoni mwa London alimkuta bwana mmoja na bibi wakisikiliza kwa furaha kubwa na kumsifu ndege yule mwimbaji wa usiku aliyetukuzwa na washairi. Ndege aliyekuwa akiimba alikuwa wa aina nyingine kabisa. Watu hao walikuwa wamesoma mashairi mengi kuhusu ndege huyo bila kumjua. Pengine hakuna kisa kinachoeleza kwa ufupi zaidi jinsi mji ulivyokwisha kujitenga na kile ulichokipenda.

Alitumia maneno ya kienyeji ya Northamptonshire na aliandika karibu bila alama za uandishi. Sarufi ya shuleni aliiona kama utawala wa kidhalimu. Taylor alisahihisha, akafuta maneno ya kienyeji na kufupisha. Kitabu cha tatu, The Shepherd's Calendar cha mwaka 1827, kilicheleweshwa na kukatwa sana, nacho kiliuzwa vibaya. Soko la mashairi lilikuwa limeanguka kote Uingereza.

Kilomita tano

Mwaka 1832 wafadhili wake, wakiongozwa na Earl Fitzwilliam, walimpatia nyumba nzuri zaidi yenye kipande cha ardhi huko Northborough. Ni mwendo wa kilomita tano hivi kutoka Helpston. Marafiki zake wa London walidhani atafurahi.

Clare aliathirika vibaya. Katika shairi The Flitting, yaani kuhama, anaeleza kwamba hata jua linaonekana kupotea njia. Northborough ilikuwa upande wa nyanda tambarare. Misitu na machimbo aliyoyajua hayakuwepo. Mtu anayesafiri kwa gari leo hawezi kuona tofauti kubwa kati ya vijiji hivyo viwili, na wakosoaji wengine walidhani mshairi anatia chumvi. John Barrell, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu mandhari na hisia ya mahali, alionyesha kwamba namna yenyewe ya Clare ya kujua ilitegemea mahali pamoja. Maarifa yake hayakuweza kubebwa kama mizigo.

Mwaka 1835 kilitoka kitabu chake cha nne na cha mwisho, The Rural Muse. Kilisifiwa lakini hakikuleta fedha. Afya yake ya akili ilizorota. Alisahau majina, aliogopa mapepo, alijiona kuwa watu wengine.

Kutembea kutoka Essex

Mwezi Juni 1837 Taylor alisaidia kumpeleka High Beach, katika msitu wa Epping, kwenye hospitali ya Dk. Matthew Allen. Daktari huyo alikuwa mpole kwa kiwango cha wakati ule: wagonjwa waliweza kutembea msituni na kufanya kazi bustanini. Clare alikaa miaka minne. Aliamini kwamba ana wake wawili, Patty na Mary Joyce, na kwamba yeye ni Byron, ambaye mashairi yake aliyaandika upya kwa namna yake.

Tarehe 20 Julai 1841 aliondoka bila ruhusa na kuanza kutembea kwenda kaskazini. Umbali ulikuwa zaidi ya kilomita 130, naye hakuwa na pesa. Usiku alilala akielekeza kichwa kaskazini ili asubuhi ajue upande wa kwenda. Viatu vilimwishia. Siku ya tatu, kwa njaa, alikula nyasi za kando ya barabara, akaona zina ladha inayokaribia mkate. Njiani watu wachache walimrushia senti za kununulia bia. Karibu na nyumbani gari la farasi lilisimama na mwanamke akashuka kumshika. Clare alidhani ni mlevi au kichaa, hadi alipoambiwa kuwa ni Patty, mke wake. Aliandika habari za safari hiyo mara alipofika, kwa utulivu wa kushangaza, na maandishi hayo ni kati ya nathari bora za karne yake.

Alikuwa akienda kwa Mary. Walimwambia kwamba Mary alikufa mwaka 1838 kwa ajali ya moto, bila kuolewa. Hakuamini.

Northampton

Baada ya miezi mitano nyumbani, mnamo Desemba 1841, madaktari wawili walithibitisha ugonjwa wake. Katika fomu, mmoja wao alitaja miaka mingi ya kutunga mashairi kama jambo lililotangulia maradhi. Alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Northampton, ambako Earl Fitzwilliam alimlipia gharama. Alibaki huko hadi kifo, zaidi ya miaka 22. Mke wake hakuwahi kumtembelea.

Miaka ya mwanzo aliruhusiwa kwenda mjini, na alizoea kuketi barazani kwa kanisa la Watakatifu Wote akitazama wapita njia. Aliendelea kutunga. William Knight, msimamizi wa hospitali, alinakili mamia ya mashairi yake. Bila yeye mengi yangepotea. Moja kati yake, I Am, yaani mimi nipo, lilichapishwa katika gazeti la Bedford tarehe 1 Januari 1848. Ni shairi la mtu aliyeachwa na marafiki wote, anayetamani mahali ambapo hajakanyaga mtu, alale kama alivyolala utotoni, nyasi chini yake na anga juu yake. Ndilo shairi lake linalojulikana zaidi leo, na linasomwa na wengi wasiojua habari za Helpston. Anayezijua ataona kwamba kitanda anachokiomba mwishoni ni malisho yale yale yaliyofungwa.

Clare alifariki tarehe 20 Mei 1864 akiwa na umri wa miaka 70. Jeneza lake lilisafirishwa kwa treni hadi Helpston, kwa kuwa reli ilikuwa imekwisha kupita karibu na kijiji tangu miaka ya 1840. Alizikwa karibu na wazazi wake katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Botolph.

Baada ya kifo

Kwa muda mrefu alikumbukwa kama mkulima aliyepatwa na wazimu. Mwaka 1920 Edmund Blunden na Alan Porter walichapisha mashairi yake mengi kutoka katika miswada, na tangu miaka ya 1960 Eric Robinson na wenzake walianza kuyatoa kama alivyoyaandika, pamoja na maneno ya kienyeji na bila alama zilizoongezwa. Matoleo makubwa ya Oxford, juzuu tisa, yalikamilika mwaka 2003, mwaka ambao Jonathan Bate pia alitoa kitabu kikubwa cha maisha yake. Wahariri hawakubaliani kama maandishi yake yaachwe hivyohivyo. Wengine wanaona kwamba Clare mwenyewe alitegemea msaada wa Taylor na kuukubali. Kwa mashairi ya ua, walau, maandishi yasiyosahihishwa yana nguvu zaidi, kwa sababu sentensi zake nazo hazina mipaka.

Chama cha John Clare kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 1989 jiwe la kumbukumbu yake liliwekwa katika Pembe ya Washairi huko Westminster Abbey, London. Nyumba aliyozaliwa ni makumbusho. Swordy Well, baada ya kutumiwa kama machimbo na jalala, sasa ni hifadhi ndogo ya mazingira inayoitwa Swaddywell, na okidi zimerudi.

Mwaka 1832 Clare alikuwa amekusanya mashairi yake katika mswada aliouita The Midsummer Cushion. Jina hilo lilitokana na desturi ya kijijini ya kuchomeka maua ya porini katika kipande cha udongo wenye nyasi na kukiweka ndani ya nyumba kama pambo la majira ya joto. Mswada huo haukuchapishwa kwa jina lake hadi mwaka 1979. Kila mwaka karibu na siku yake ya kuzaliwa watoto wa shule ya msingi ya kijijini, inayoitwa kwa jina lake, hutengeneza mito hiyo ya maua na kuizungushia kaburi lake.